Ini Jipya Linatoka kwa Nani? Yanayochanganywa Kuhusu Utafiti wa Upandikizaji wa Ini Ulaya

Mwezi uliopita Shangazi aliweka sauti kwenye grupu la familia. Ni sauti ya dakika mbili, imeshasambazwa mara nyingi na msemaji hajulikani. Anasema madaktari wa Ufaransa wamegundua kwamba saratani ya utumbo iliyofika kwenye ini inapona kwa kuwekewa ini jipya, na kwamba Ulaya sasa wana mashine zinazofuga maini yakiwa hai, kwa hiyo mwenye pesa anakwenda kuchukua lake. Chini ya sauti Shangazi akaandika: "Tuuze kile kiwanja, Baba Mdogo aende."

Baba Mdogo anaumwa saratani ya utumbo mpana tangu mwaka juzi. Sauti ile ilinikata maini, kwa sababu karibu kila sentensi yake ina chembe ya ukweli, na chembe hizo zimeunganishwa vibaya. Watu wanauza mashamba kwa sauti kama hizi. Nimeona nieleze jambo hili tangu mwanzo, polepole, jinsi ningemweleza Shangazi tukiwa tumekaa barazani.

Tuanze na ini lenyewe. Liko upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Damu inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba chakula hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Humo sumu huondolewa, sukari huwekwa akiba, protini za kugandisha damu hutengenezwa, na nyongo hutoka kwenda kusaidia kusaga mafuta. Ndiyo maana ini likichoka tumbo hujaa maji, macho huwa ya njano, kidonda kidogo hakiachi kuvuja damu, na mwishoni hata akili huvurugika. Figo zikifa kuna mashine ya kusafisha damu, na mtu anaweza kuishi miaka mingi akienda hospitali mara tatu kwa wiki. Ini halina mashine ya namna hiyo. Zipo za kumvusha mgonjwa siku chache, lakini hakuna inayoshika nafasi yake. Ini likishindwa kabisa, kinachobaki ni ini jingine.

Neno "kupandikiza" tumelichukua shambani. Mkulima wa mpunga huotesha miche kitaluni, akaing'oa, akaipandikiza kwenye jaruba. Anajua kwamba mche ukikaa na mizizi nje unaanza kufa, na kwamba hata ukipandwa vizuri baadaye, ulichopoteza juani hakirudi. Ushike mfano huo, maana sehemu kubwa ya utafiti nitakaoueleza inahusu zile saa ambazo ini limeshang'olewa kwa mtu mmoja na halijapandwa kwa mwingine.

Upasuaji wenyewe una umri mkubwa kuliko wengi wetu wanavyodhani. Thomas Starzl alijaribu mara ya kwanza kule Denver, Marekani, mwaka 1963, na mtoto aliyempasua alifia mezani kwa kuvuja damu. Mgonjwa wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka alipatikana mwaka 1967. Mwaka uliofuata Roy Calne akafanya upandikizaji wa kwanza wa Ulaya kule Cambridge, Uingereza. Miaka mingi iliyofuata ilikuwa ya misiba, kwa sababu mwili hulichukulia ini la mtu mwingine kama adui na kulishambulia. Kilichogeuza mambo kilitoka ardhini, tena kwa maana halisi: kuvu iliyopatikana kwenye udongo wa nyanda za juu za Hardangervidda, Norwei, ambamo wanasayansi wa Basel, Uswisi, walipata dawa ya kutuliza kinga ya mwili iitwayo saiklosporini. Calne alianza kuwapa wagonjwa wake dawa hiyo mwaka 1978.

Mwaka 1985 daktari Henri Bismuth wa hospitali ya Paul Brousse, Villejuif, karibu na Paris, akaanzisha daftari moja la pamoja ambamo vituo vya upasuaji vya Ulaya huandika kila ini linalopandikizwa na hali ya mgonjwa mwaka hadi mwaka. Daftari hilo sasa lina kumbukumbu za zaidi ya upandikizaji 100,000. Ukilifungua unaona jambo moja linalotia moyo sana: kabla ya 1985, ni kama theluthi moja tu ya waliopandikizwa ini Ulaya waliomaliza mwaka mmoja. Leo wanaomaliza mwaka ni zaidi ya 80 katika kila 100.

Kwa hiyo kushona ini si fumbo tena. Fumbo ni kwamba maini hayatoshi. Kila mwaka wapo watu wanaofia kwenye orodha ya kusubiri, au wanaondolewa kwa sababu wamedhoofu mno kuweza kupasuliwa. Ukisoma habari yoyote ya utafiti wa ini kutoka Ulaya, itafute kwenye moja ya maswali mawili: wanatafuta njia ya kupata ini jingine linalofaa, au wanapima hili moja walilonalo apewe nani? Sauti ya Shangazi ilichanganya majibu ya maswali yote mawili na kuyafanya duka.

Basi, ini linatoka wapi? Ulaya, mengi hutoka kwa marehemu. Na hapa kuna hofu ambayo nimeisikia kwetu na hata kwa ndugu wanaoishi huko: kwamba madaktari humchukua mtu aliyezimia wakamfungua kabla hajafa. Kuzimia na kufa ubongo ni vitu viwili tofauti. Aliyezimia, hata akikaa miezi, ubongo wake bado una uhai na anaweza kuamka. Aliyekufa ubongo hana tena hata ile amri ya chini kabisa ya kuvuta pumzi. Moyo wake unapiga kwa kuwa mashine inamsukumia hewa, na ikizimwa kila kitu kinasimama. Kipimo cha kuthibitisha hali hiyo hufuata sheria, na wanaokifanya si wale watakaopandikiza.

Kundi la pili ni watu ambao moyo umesimama baada ya madaktari na familia kukubaliana kwamba matibabu hayasaidii tena. Maini yao yanafaa, lakini yamekaa dakika kadhaa kwenye mwili wenye joto bila damu. Ule ndio mche ulioachwa juani. Ini la namna hii mara nyingi hufanya kazi vizuri mwanzoni, halafu baada ya wiki au miezi mirija ya nyongo huanza kupata makovu na kuziba.

Hispania ndiyo inayosifiwa duniani kwa kupata viungo vingi. Sheria yake ya mwaka 1979 inahesabu kila raia kuwa amekubali kutoa isipokuwa aliyekataa, na watu wengi hudhani siri ni sheria hiyo. Sidhani hivyo. Familia ya Kihispania bado huulizwa, na ikikataa, viungo havichukuliwi. Kilichobadilisha mambo ni kazi iliyoanza mwaka 1989 shirika la taifa la upandikizaji lilipoundwa: kila hospitali ikawa na mratibu, mara nyingi daktari wa wagonjwa mahututi, aliyefundishwa namna ya kukaa na watu waliofiwa saa ile ile na kuwauliza kwa heshima. Sheria haiwezi kumshika mjane mkono.

Njia nyingine ni kugawana. Ini lina ajabu yake: ukilikata, linakua tena. Mwaka 1988 Rudolf Pichlmayr wa Hannover, Ujerumani, aligawa ini moja la marehemu, kipande kidogo cha kushoto akampa mtoto na kilichobaki mtu mzima. Huo ndio mwanzo wa kuokoa wawili kwa mtoaji mmoja. Ajabu hiyo hiyo ndiyo inayoruhusu mtu mzima aliye hai kumkatia ndugu yake sehemu ya ini, na kwa yeye aliyekata, ini hukua tena kwa wiki hadi miezi.

Sasa tuje kwenye mashine, maana ndiyo iliyotajwa kwa mbwembwe kwenye ile sauti. Kwa miongo mingi ini lilisafirishwa kama samaki anavyosafirishwa kutoka Feri: linasafishwa kwa maji maalumu, linafungwa kwenye mifuko, linawekwa kwenye sanduku la barafu. Baridi hupunguza njaa ya ini, haiimalizi. Saa zikisogea madhara huongezeka, na kibaya zaidi, ini lililo kwenye barafu limelala. Daktari hana njia ya kulijaribu. Analitazama, analigusa, anaangalia umri wa marehemu na mafuta yaliyomo, halafu anaamua. Akiwa na shaka analitupa, na huwezi kumlaumu, kwani akikosea mgonjwa atakufa.

Watafiti wa Oxford, Peter Friend na Constantin Coussios, waliuliza kwa nini lilazwe. Wakatengeneza mashine inayolipa damu ya benki ya damu, hewa ya oksijeni na chakula, kwa joto la mwili, nyuzi 37. Mgonjwa wa kwanza kupokea ini lililotoka humo alipasuliwa King's College Hospital, London, mwaka 2013. Nimetazama video za kazi hii mara nyingi, na kuna dakika moja ambayo sichoki kuiona. Ini limelazwa kwenye bakuli lake, limepauka rangi ya jivu. Damu inafunguliwa. Wekundu unaanzia kwenye mishipa mikubwa, unatambaa kuelekea kingo, na muda si muda ini zima lina ule wekundu wa kahawia tunaoujua. Baadaye, kwenye mrija mwembamba pembeni, linatoka tone zito lenye rangi kati ya dhahabu na kijani. Nyongo. Ini halina mwili lakini linafanya kazi yake, na daktari amesimama mbele yake anaweza kulipima kabla ya kuamua.

Mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililohusisha vituo kadhaa vya Ulaya na maini 220 yalichapishwa. Maini ya kwenye mashine yaliumia nusu ya yale ya kwenye barafu, na yaliyotupwa yalipungua kwa nusu, ingawa yalikuwa yamehifadhiwa muda mrefu zaidi. Birmingham wakaenda mbali zaidi: walichukua maini 31 yaliyokataliwa na vituo vyote vya Uingereza, wakayajaribu kwenye mashine, wakapandikiza 22. Wagonjwa wote 22 walikuwa hai siku 90 baadaye. Naomba usiishie hapo kama vichwa vya habari vilivyoishia, kwa sababu wanne kati yao mirija ya nyongo iliharibika wakalazimika kuwekewa ini jingine. Mashine ya joto haikuwa imeponya tatizo la ule mche ulioachwa juani.

Jibu la tatizo hilo limetoka upande mwingine, Zurich na Groningen, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu bibi zetu wangelielewa papo hapo. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi humpi pilau. Unaanza na uji, kidogo kidogo, maana tumbo lililolala likishtuliwa linaweza kumuua. Ini lililokosa damu likimwagiwa ghafla damu yenye joto na oksijeni, chembechembe zake huungua kwa kushindwa kuipokea. Kwa hiyo kabla ya kulipandikiza, walilipitishia kwa saa mbili au zaidi maji yenye oksijeni lakini bado ya baridi, ili lijaze nguvu zake likiwa limetulia. Ndiyo uji wake. Jaribio lililoongozwa na Groningen, Uholanzi, likichapishwa mwaka 2021, lilikuwa na wagonjwa 156 wa Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza, wote wakiwa wamepata maini ya watu waliosimama moyo. Ile hitilafu ya mirija ya nyongo iliwapata 18 katika kila 100 wa sanduku la barafu, na 6 tu katika kila 100 wa "uji".

Zurich pia ndiko mwaka 2021 ini lilipokaa siku tatu kwenye mashine kabla ya kupandikizwa. Lilikuwa limekataliwa na wengine kwa sababu lilikuwa na uvimbe uliotiliwa shaka, na siku hizo ndizo zilizowapa nafasi ya kuuchunguza uvimbe huo na kulitibu ini kwa dawa. Mgonjwa alirudi nyumbani.

Kwa hiyo, Shangazi: mashine haifugi ini, haizalishi ini, haina ghala. Inalitunza ini la mtu aliyefariki jana au juzi, na wenyewe wanaolisubiri wameshajulikana.

Hilo linatufikisha kwenye saratani. Zamani madaktari waliwapandikiza hata watu wenye saratani kubwa ya ini, na saratani ilirudi haraka, kwa sababu dawa za kutuliza kinga huwalaza walinzi wa mwili. Ilionekana kama kupoteza maini. Mwaka 1996 Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, walionyesha kwamba ukichagua vizuri mambo hubadilika: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au usiozidi mitatu na kila mmoja sentimita 3 au chini, na saratani isiwe imetoka nje ya ini wala kuingia kwenye mishipa mikubwa. Walikuwa na wagonjwa 48 tu, na miaka minne baadaye 75 katika kila 100 walikuwa hai. Kipimo cha Milan bado kinatumika pande nyingi za dunia.

Lakini hiyo ni saratani iliyozaliwa kwenye ini. Ya Baba Mdogo ilizaliwa kwenye utumbo ikahamia huko. Huu ndio mkanganyiko wa kwanza wa ile sauti, nao ni mkubwa. Waliothubutu kwanza kuijaribu upya saratani iliyohama ni madaktari wa Oslo, kuanzia mwaka 2006, kwa wagonjwa 21. Kwa nini Oslo? Kwa sababu wakati ule Norwei ilikuwa na bahati ambayo majirani hawakuwa nayo: maini yalitosha kwa orodha yao fupi, kwa hiyo kumpa mgonjwa wa jaribio hakukumaanisha kumnyima mwingine. Miaka mitano baadaye 60 katika kila 100 walikuwa hai.

Kisha Villejuif, chini ya daktari René Adam, wakaongoza jaribio la vituo vya Ufaransa, Ubelgiji na Italia lililochapishwa mwaka 2024. Hili ndilo la kwenye ile sauti. Kwa walioelekezwa kwenye ini jipya pamoja na dawa za saratani, 57 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na kwa walioelekezwa kwenye dawa peke yake 13. Ni tofauti kubwa mno, na furaha ya madaktari ni ya haki. Ila tazama mlango wa kuingilia. Saratani ya kwenye utumbo iwe imeshakatwa. Isiwepo popote nje ya ini. Iwe imeitikia dawa na kutulia kwa miezi. Mgonjwa asizidi miaka 65. Hata kwa wale ambao hospitali zao zilidhani wanafaa, watu 157, jopo huru liliwakubali 94. Na kwa wengi waliopandikizwa saratani ilirudi baadaye, mara nyingi kwenye mapafu, ingawa baadhi walitibiwa tena kwa kuikata. Zaidi ya hayo, wagonjwa wa jaribio walipewa kipaumbele kwenye orodha ili wasisubiri muda mrefu. Kila aliyetangulizwa, kuna aliyesogea nyuma.

Utafiti mmoja wa zamani unatugusa zaidi watu wa Afrika Mashariki, ingawa hautajwi kwenye sauti za kusambazwa. Homa ya ini aina B, ambayo kwetu ni nyingi, ilikuwa ikirudi na kuliharibu hata ini jipya, na vituo vingine vilikuwa vimeanza kuwakataa wagonjwa wake. Mwaka 1993 Didier Samuel wa Villejuif alikusanya habari za wagonjwa 372 kutoka vituo 17 vya Ulaya, ikaonekana kwamba waliopewa kingamwili dhidi ya kirusi hicho kwa muda mrefu walisalimika zaidi. Baadaye vikaongezwa vidonge vya kukizuia kirusi, na leo ugonjwa huo si tena sababu ya kumnyima mtu ini. Chanjo yake watoto wetu wanaipata kliniki. Watu wazima wengi hatujapima.

Baada ya kupandikizwa, dawa za kutuliza kinga hunywewa kila siku, kwa kawaida maisha yote, nazo huchosha figo na kukaribisha maambukizi. Ini lina upole ambao viungo vingine havina: jaribio moja la Ulaya lililochapishwa mwaka 2013 liliwaachisha dawa taratibu wagonjwa 98 waliochaguliwa, na 41 waliweza kuishi bila dawa kabisa. Wengine 57 ini lilianza kushambuliwa wakarudishiwa dawa. Asije mtu akaacha zake nyumbani kwa kusoma hapa, maana wale walikuwa chini ya macho ya madaktari kila hatua. Na wanaouliza kama ini la mwingine hubadilisha tabia, hapana. Linachuja damu.

Kuhusu kiwanja: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inataka kiungo kitolewe kwa hiari na bila malipo. Maini ya marehemu hugawiwa wagonjwa walio kwenye orodha za nchi hizo, wakiwemo ndugu zetu wakazi wa huko, kwa kuangalia nani yuko karibu zaidi na kifo na nani atafaidika. Wakala anayekuuzia nafasi anakuuzia upepo. Watu wengi wa kwetu wanaotafuta ini jipya huishia India, ambako kawaida ndugu ndiye anayekatwa, na huyo ndugu naye anaingia kwenye hatari ya kweli. Watoaji wazima wa afya wameshakufa mezani.

Nilimpigia Shangazi. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo?" Nikamwambia kwamba saratani ya Baba Mdogo imeshaonekana kwenye mapafu, daktari wake alituonyesha kwenye picha mwezi wa tatu, na kwamba hata angezaliwa Villejuif kwenyewe asingekubaliwa. Aendelee na dawa zake, na tusiuze kiwanja. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Na wale waliopona, wanakwenda kuwasalimu wafiwa?"

Nikamweleza kwamba sehemu nyingi za Ulaya hawaambiwi. Jina la marehemu ni siri, na la mgonjwa pia. Akitaka kushukuru anaandika barua, anampa mratibu wa hospitali, mratibu anaisoma kuhakikisha hakuna jina wala mji, kisha inapelekwa. Wengine hujibiwa, wengine hawajibiwi.

"Anaandika nini sasa, kama hawezi kutaja hata jina?" akauliza Shangazi. Nikamwambia nilivyowahi kusoma: wengi huanza kwa kusema leo wana umri gani.